Sura ya Sita: Cheche Katika Wakati Wake

Katika vivuli vya miembe ambako mafundi wengi wa Mpanda hufanyia kazi zao, swali moja halikomi kuulizwa: "Injini imefunguliwa yote, silinda zimechongwa, pistoni na ringi ni mpya, beringi ni mpya, na fedha iliyokwenda ingetosha kununua ng'ombe, kwa nini basi gari halina nguvu lilizokuwa nazo hata kabla ya kufunguliwa?" Mwenye gari huliuliza kwa uchungu, na uchungu wake una haki, maana ametoa alichokuwa nacho na hajapata alichokitumainia. Fundi aghalabu humjibu kwamba injini ingali nzito na italainika ikishatembea. Jibu hilo lina kweli ndani yake, lakini mara nyingi si kweli yote, kwa kuwa injini iliyosukwa upya huweza kuwa nzima katika kila kiungo chake na bado ikawa mgonjwa, kwa sababu moja tu, kwamba cheche yake hutoka katika wakati usiokuwa wake.

Sura hii yahusu magari ya petroli ya zamani yenye distributa na pointi, ambayo bado yanachukua watu, mahindi, tumbaku na dagaa katika njia za Katavi. Muradi wangu ni kumwonyesha mwenye gari na fundi kijana kwamba wakati wa cheche, ambao gereji zote huuita taimingi, hupimwa wala haukisiwi, na kwamba kipimo hicho hakina thamani yoyote kikianzia katika alama ambayo hakuna aliyeihakikisha.

Moto huchukua muda

Tumfikirie mama anayetaka chai iwe mezani saa moja kamili ya asubuhi. Hawashi jiko lake la mkaa saa moja, bali hulitia moto saa kumi na mbili na nusu, kwa kuwa anajua kwamba kijinga kimoja kitawasha makaa ya karibu, makaa hayo yatawasha ya pembeni, na birika halitapata joto lake lote mpaka moto uwe umeenea jikoni kote. Akichelewa, wageni hungoja. Akiwahi mno, chai huchemka na kumwagika kabla wageni hawajaketi.

Ndani ya silinda, yaani tundu la mviringo ambamo kipande cha chuma kiitwacho pistoni hupanda na kushuka, mambo ni hayo kwa hayo. Pistoni hufanya safari nne: hushuka ikivuta hewa iliyochanganyika na petroli, hupanda ikiibana, hushuka ikisukumwa na moto, kisha hupanda tena ikitoa moshi. Mahali pa juu kabisa pa safari yake nitapaita kilele. Cheche ni kijinga kinachoruka katika ncha ya plagi mwishoni mwa safari ya pili, na moto unaotokana nacho nao huenea hatua kwa hatua. Nguvu yake yapaswa kufika upeo pistoni ikiwa imekwisha kukivuka kilele kidogo, yapata nyuzi 15, na kwa hiyo cheche sharti itangulie kilele. Nyuzi ninazozitaja ni zile za duara, ambalo lina nyuzi 360, na duara lenyewe ni la krenki, mhimili uliopinda unaogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko.

Cheche itangulie kwa kiasi gani? Hapa hisabu ndogo hufaa kuliko maneno mengi. Tuseme moto wahitaji sehemu 2 kati ya 1,000 za sekunde ili uenee. Injini ikinguruma taratibu, kwa mizunguko 600 kwa dakika, krenki huzunguka mara 10 kwa sekunde, yaani nyuzi 3,600. Katika muda huo mfupi itakuwa imekwenda nyuzi 7 na kidogo. Gari likikimbia, mizunguko ikafika 3,000, muda uleule ni nyuzi 36. Kwa kweli mwendo huuvuruga mchanganyiko na kuuharakisha moto, hata hesabu haifuati mstari ulionyooka namna hiyo, lakini kanuni yabaki: mwendo ukizidi, cheche huwahi zaidi. Ndiyo sababu ndani ya distributa, kile kichwa kinachogawia plagi umeme, mna vizito viwili vyenye springi ambavyo hutanuka kadiri mwendo unavyozidi; na ubavuni mwake pana kikopo cha bati chenye utando wa mpira, ambacho huvutwa na hewa ya injini na kuiwahisha cheche gari linapokwenda bila kulemewa. Kazi ya fundi ni kupanga mahali pa kuanzia, na mwanzo ukipotoka, kila kinachofuata hupotoka kwa kadiri hiyo hiyo.

Cheche ikichelewa, moto huwa ungali unawaka vali ya moshi, yaani kilango cha kutolea moshi, inapofunguka, ukaenda kuunguza vali na sailensa badala ya kuisukuma pistoni. Gari huwa zito, hula mafuta, na rejeta huchemka. Cheche ikiwahi mno, pistoni inayopanda hukutana na nguvu inayoshuka, kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja, mmoja akateremsha mchi katika zamu ya mwenzake. Na mchanganyiko uliosalia pembezoni, ukizidiwa na joto na mbano, hujilipua wenyewe kwa mara moja. Mlipuko huo husikika kama kokoto zinazotikiswa katika kopo. Mafundi husema injini inagonga, na mlipuko huo huweza kuitoboa pistoni ambayo mwenyewe bado hajamaliza kuilipia.

Kwa muhtasari:

- Cheche hutoka kabla ya kilele kwa sababu moto huchukua muda kuenea.
- Kuchelewa huleta joto, uzito na ulaji wa mafuta.
- Kuwahi kupita kiasi huleta kugonga, na kugonga huvunja.

Injini iliyosukwa upya na alama zake

Watengenezaji wa magari huchonga alama katika puli ya mbele ya krenki, au katika flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, ili fundi ajue kilele kiko wapi. Katika Toyota Land Cruiser za zamani zenye injini ya 2F ya silinda 6, kwa mfano, alama ya cheche ni kigololi cha chuma kilichopachikwa katika flaiwili, nacho huonekana kupitia kidirisha kidogo. Kigololi kikilingana na kionyeshi cha kidirishani, pistoni ya kwanza iko nyuzi 7 kabla ya kilele, na hapo ndipo cheche yatakiwa itoke.

Alama ni shahidi, na shahidi sharti ahojiwe. Injini ambayo haijapata kufunguliwa ina haki ya kuaminiwa, lakini iliyosukwa upya imepita mikononi mwa watu wengi na mara nyingi imechanganywa vipande vya injini mbili au tatu, hata alama zake hazina tena udugu na pistoni zake. Nakumbuka safari moja niliyofuatana na ndugu yangu kwenda Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kuchukua dagaa, katika gari lake la petroli la silinda 4 lililotoka kusukwa majuma mawili kabla. Kwenda hakukuwa na taabu. Kurudi kulikuwa na habari nyingine, maana uso wa ziwa hilo uko takriban mita 770 juu ya bahari, na Mpanda iko karibu mita 1,100, hivyo gari lililosheheni magunia halina budi kuipanda tofauti hiyo, pamoja na vilima vyote vilivyomo kati. Katika kila mwinuko injini iligonga. Ndugu yangu aliilaumu petroli. Mimi niliulaumu mzigo. Na sote wawili tulikuwa mbali na haki.

Tulipofika nyumbani tulimwendea fundi mmoja mtu mzima, ambaye hakugusa kitu kwanza, bali aliuliza, "Wanangu, alama hii nani kaihakikisha?"

"Mzee, imo katika puli," alijibu ndugu yangu. "Waliifuata hiyo."

"Na puli ni ya injini hii?"

Haikuwa yake. Puli ya asili ilikuwa imevunjika mdomo, nayo ikapachikwa ya injini nyingine iliyofanana nayo kwa umbo. Mzee alikitafuta kilele cha kweli kwa njia nitakayoieleza, akaona kwamba pale alama iliposema nyuzi 8, cheche ilikuwa ikitoka nyuzi 17. Waliolipanga gari hilo walikuwa wameifuata alama kwa uaminifu, na alama iliwapoteza.

Sababu zinazofanya alama ziseme uongo ni hizi:

1. Puli, flaiwili au kifuniko cha mbele chenye mshale vimetoka katika injini nyingine.
2. Baadhi ya puli ni vipande viwili vyenye mpira katikati. Mpira ukichoka, pete ya nje huteleza pamoja na alama yake.
3. Gia za krenki na za kamshafti, mhimili unaofungua vali, zimeunganishwa kwa kukosea jino moja. Hapo hata cheche ikipangwa sawasawa, vali zitaendelea kukosea, na hakuna dawa ila kufungua tena.

Hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda, iliyochongwa kwa wingi ni jambo jingine. Alama hubaki za kweli, lakini mbano huongezeka, na zile nyuzi za kitabu huweza kuwa nyingi mno kwa injini hiyo.

Kukitafuta kilele

Wengi hutia kijiti au waya katika tundu la plagi, wakazungusha injini, wakakitazama kijiti kikipanda mpaka kisimame, wakasema hapa ndipo juu. Njia hiyo hufaa kwa kukadiria, lakini kwa kupima hudanganya, na udanganyifu wake wafaa kuelezwa vema. Pistoni ikikaribia kilele huwa kama mtoto katika bembea anayefika mwisho wa kupanda, ambaye kwa nukta moja huonekana amesimama hewani. Katika injini ya 2F, ambayo pistoni yake husafiri milimita 101.6 toka chini hadi juu, krenki ikiwa nyuzi 5 mbali na kilele pistoni huwa imeshuka takriban robo ya milimita tu. Ni jicho gani litakaloiona robo ya milimita kwa kijiti kinachoyumba? Kwa hiyo wenye maarifa hawakipimi kilele pale pistoni inapolala. Huipima pistoni ingali mwendoni, pande zote mbili, kisha hugawa kati.

Chukua plagi kuukuu, toa kaure yake nyeupe, na funga ndani yake bolti ndefu iliyosuguliwa ncha ikawa ya mviringo. Hicho ndicho kizuizi. Fungua waya wa batri na plagi zote, ili mtu asije akapiga starta na ili injini izunguke kwa wepesi. Ishushe pistoni ya kwanza, kaza kizuizi mahali pa plagi yake, na hakikisha kwamba bolti haigusi vali. Sasa zungusha krenki kwa spana, polepole, kwa mkono usiokuwa na hasira, mpaka pistoni iguse bolti na kusimama. Chora mstari katika puli mbele ya mshale. Kisha izungushe kinyume, karibu duara zima, mpaka pistoni iguse tena kwa upande wa pili, na uchore mstari wa pili. Toa kizuizi. Katikati ya mistari hiyo miwili, kwa upande ule ambao pistoni haikuweza kuufikia, ndipo kilele cha kweli kilipo, nacho hupatikana kwa utepe wa karatasi uliokunjwa nusu kwa nusu.

Utepe huohuo hukupa nyuzi. Uzungushe puli nzima, upime urefu wake, na ugawe kwa 360. Mzingo ukiwa milimita 540, kila nyuzi 1 ni milimita 1 na nusu, na nyuzi 8 ni milimita 12. Pima milimita hizo kabla ya kilele, kwa namna ambayo mstari huo utaufikia mshale kwanza injini inapozunguka mwendo wake wa kawaida, na uchore hapo kwa rangi nyeupe.

Kuipanga cheche

Pointi ni vyuma viwili vidogo ndani ya distributa vinavyogusana na kuachana. Vinapoachana ndipo koili, chombo kinachozidisha nguvu ya umeme, hutoa cheche. Mpango huu si wa jana: Charles Kettering wa Marekani ndiye aliyeusanifu, na gari la Cadillac likautumia mwaka 1910. Kwa kuwa cheche hutoka pointi zinapoachana, nafasi iliyo kati yake ikiongezwa zitaachana mapema, ikipunguzwa zitachelewa. Anayepanga taimingi kwanza na kusahihisha pointi baadaye ameijenga nyumba kisha akausogeza msingi.

Utaratibu ulio salama ni huu:

1. Panga nafasi ya pointi kwa fila geji, vile vibati vya kupimia nafasi nyembamba, kwa kadiri ya kitabu cha gari.
2. Ziba tundu la plagi ya kwanza kwa kidole gumba na mwenzako azungushe krenki kwa spana. Hewa ikikisukuma kidole, pistoni iko katika safari ya kubana. Usiiruke hatua hii, kwa kuwa pistoni hufika kileleni mara mbili, mara moja ikibana na mara moja ikitoa moshi, na alama ya puli haiwezi kuzipambanua.
3. Endelea kuzungusha mpaka mstari mweupe ulingane na mshale. Ukiupita, usirudi kidogo tu. Rudi robo nzima ya duara na uje tena kwa mbele, kwa kuwa gia na mnyororo vina ulegevu wake.
4. Tazama kama kile kidole cha distributa kinachozunguka kinaelekea kwenye waya wa plagi ya kwanza.
5. Chukua taa ndogo ya volti 12. Waya mmoja ufunge katika koili, upande uendao kwenye distributa, na wa pili kwenye bodi. Rudisha waya wa batri na ufungue swichi. Pointi zikigusana taa huzimika, zikiachana huwaka.
6. Legeza bolti ya distributa, igeuze kwa upande uendako kidole chake mpaka taa izimike, kisha irudishe kinyume polepole. Taa inapowaka tu, simama hapo na ukaze.

Katika hatua ya mwisho mkono uwe mwepesi, kwani distributa huzunguka nusu ya mwendo wa krenki, na kuigeuza nyuzi 1 ni kuibadili cheche nyuzi 2. Kisha zifunge waya za plagi kwa zamu zake: 1-3-4-2 kwa injini nyingi za silinda 4, na 1-5-3-6-2-4 kwa 2F.

Penye taa ya taimingi, ile inayomulika kila plagi ya kwanza inapopata cheche, hakikisha kazi yako injini ikiwa moto na ikinguruma taratibu, mpira wa kile kikopo cha bati ukiwa umetolewa na kuzibwa. Pandisha mwendo uone mstari ukiondoka mahali pake taratibu. Usipoondoka, vile vizito vimeganda. Na ukirukaruka huku na huko, mhimili wa distributa umelika na hakuna mpango utakaokaa.

Sikio, mlima na petroli

Yuko fundi asemaye kwamba yeye hupanga kwa sikio. Simvunjii heshima, kwa kuwa sikio lenye uzoefu ni mali, lakini sikio hilo huhukumu uani, gari likiwa limesimama bila mzigo, na katika hali hiyo kuiwahisha cheche huifanya injini ingurume kwa uchangamfu unaopendeza. Madhara yake hayaonekani uani, huonekana mlimani, kama tulivyoyaona sisi katika njia ya Karema. Basi sikio lipewe kazi yake mahali pake: ukisha kupima, pakia mzigo wa kawaida, panda mwinuko kwa gia ya juu, na usikilize. Likigonga, rudisha nyuzi 2 na ujaribu tena.

Mambo mawili ya mahali petu yanahitaji kuzingatiwa. La kwanza ni hewa. Kwa sababu ya kimo chake, Mpanda ina mgandamizo wa hewa pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko pwani. Silinda hupata hewa haba, moto huenda taratibu, na injini huweza kuvumilia nyuzi moja au mbili zaidi. Lakini gari lililopangwa hivyo likiteremka Dar es Salaam na mzigo, huenda likagonga njiani, na mwenyewe asijue kwamba kilichobadilika ni hewa.

La pili ni petroli. Reli ya tawi itokayo Kaliua iliufikia mji wa Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi, na risasi ndiyo madini ambayo Thomas Midgley wa Marekani aligundua mwaka 1921 kwamba dawa yake, ikitiwa katika petroli, huzuia kugonga. Dunia ililipa deni kubwa kwa dawa hiyo, maana ni sumu kwa akili za watoto. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha ulipoingia mwaka 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021. Hivyo nyuzi zilizoandikwa katika vitabu vya magari ya zamani ziliandikwa kwa mafuta ya zama zake, nazo zihesabiwe kuwa mwanzo wa kazi. Hatari ya siku hizi ni mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo hugonga upesi, na ni kwa ajili ya uchakachuaji wa namna hiyo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kuyatambulisha, katika mafuta mwaka 2010. Usipange taimingi kwa petroli ya chupa usiyoijua asili yake.

Ushahidi kwa atakayekuja

Yote yaliyotangulia yaweza kufungwa katika maneno machache: kihakikishe kilele, panga pointi, kisha panga cheche, kisha liulize gari mlimani. Limebaki neno moja. Siku ya tatu baada ya gari kupimwa, ndugu yangu alirudi Karema akapakia magunia yaleyale, na gari likapanda bila kugonga. Kabla hajaondoka, yule mzee aliufuta mstari wa uongo kwa patasi, akaupaka wa kweli rangi nyeupe, kisha akaomba daftari la gari na kuandika kwa mkono wake: tarehe, nafasi ya pointi, nyuzi 8, puli si ya asili, kilele kimepimwa. Mimi naliona andiko hilo kuwa sehemu ya kazi kama ilivyo spana, kwa sababu injini hiyo itafunguliwa tena siku moja na mtu ambaye hatumjui, naye atakapoinama mbele ya puli atakuwa na alama anayoweza kuiamini.